Vali ya kuchanganya maji moto na baridi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nafunga mabomba ya maji moto Kampala, na msimu wa baridi unapowabana watu wa Kigezi, nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uganda, hupanda basi kwenda Kabale na Kisoro. Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wateja, mafundi wenzangu na vijana wa ufundi. Nyuzi zote hapa ni za Selsiasi.

Vali ya kuchanganya ni nini hasa?

Ni vali yenye midomo mitatu. Mdomo mmoja hupokea maji moto, wa pili hupokea maji baridi au vuguvugu, na wa tatu hutoa mchanganyiko. Ndani yake kuna kipande kinachosogea: kikifungua upande mmoja, kinabana upande wa pili kwa kiasi kilekile. Ni hayo tu. Vali haipashi maji wala haiyasukumi. Nalisema hili mapema kwa sababu nusu ya simu ninazopigiwa huanza na "fundi, vali imekufa", na nikifika nakuta vali nzima, ila imefungwa mahali ambapo haiwezi kufanya kazi yake.

Uganda kuna jua mwaka mzima. Nani anahitaji mambo haya?

Wa kwanza ni mwenye sola ya maji juu ya paa. Siku ya jua kali tangi la mirija ya vioo linaweza kupita nyuzi 80, na maji hayo yakimfikia mtoto bafuni ni balaa. Kisha kuna hoteli, hospitali na shule za bweni zenye boila. Halafu kuna nyanda za juu: Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Nyumba za wageni za huko, hasa zinazopokea watu wanaoenda kuona gorila, zimeanza kuomba sakafu yenye mabomba ya maji moto. Na mfugaji wa kuku aliyechoka na sigiri bandani naye yumo.

Kwa nini nisiteremshe tu joto la tangi mpaka nyuzi 45, nikaachana na vali?

Swali hili ni zuri, na watu wengi wanalifanya kwa vitendo bila hata kuuliza.

Kuna bakteria wanaoitwa Legionella. Walipata jina lao baada ya mkutano wa maveterani wa American Legion uliofanyika Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, ambapo wageni waliugua homa ya mapafu na wengi wakafa. Bakteria hao hupenda maji ya kati ya nyuzi 20 na 45. Tangi la nyuzi 45 lililokaa wiki nzima bila kutumiwa ni kitanda chao. Mtu haambukizwi kwa kunywa bali kwa kuvuta hewa yenye matone madogo sana, na bomba la mvua bafuni hutoa matone ya namna hiyo hasa. Ndiyo maana desturi ya kazi hii ni kuweka tangi nyuzi 60 au zaidi.

Lakini maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5. Ngozi ya mtoto au ya mzee haingoji hata hizo. Basi una matakwa mawili yanayogombana: tangi linataka moto, ngozi inataka vuguvugu. Vali ndiyo inayokuwezesha kuyatimiza yote mawili: hifadhi kwa 60, oga kwa 41.

Faida ya pili ni ya mfuko. Chukua tangi la lita 200 lenye nyuzi 75, maji baridi ya nyuzi 20, na unataka kuoga kwa 42. Sehemu ya maji moto ni (42 − 20) ÷ (75 − 20), yaani asilimia 40. Kwa hiyo lita 200 zinakupa kama lita 500 za kuogea. Tangi hilohilo likiwa na nyuzi 50, sehemu ya moto inakuwa asilimia 73 na unapata lita 270 hivi. Mtu akioga dakika sita kwa lita 8 kwa dakika, tangi la kwanza linaosha watu kumi, la pili watano na nusu. (Huyo nusu huwa ni baba mwenye nyumba, aliyeamka wa mwisho.) Hii ni hesabu ya juujuu, kwa kweli maji baridi yanayoingia chini ya tangi hula kidogo.

Je, tii moja (kiungio cha matawi matatu) na get vali mbili (vali za kawaida za kufungua na kufunga kwa mkono) hazitoshi? Fundi wangu kanifungia hivyo.

Zinatosha mpaka mtu avute maji ya choo. Hapo presha ya baridi inaanguka, moto unashinda, na aliye bafuni anapiga yowe. Get vali haijui joto. Hukaa pale ulipoiacha.

Fundi, sola yangu inatoa maji moto vizuri, ila nikifungua bomba la mvua yanakuja baridi tupu. Nimebadilisha vali mara mbili. Shida nini?

Shida ni presha, na hii ndiyo hitilafu ninayokutana nayo kuliko zote mjini.

Sola nyingi za Kampala hulishwa na tangi la plastiki lililo juu ya paa. Kila mita moja ya kimo hukupa presha ya kama bar 0.1 (bar ni kipimo cha presha). Tangi likiwa mita tatu juu ya bafu una bar 0.3, basi. Sasa fundi anachukua maji baridi ya bafu moja kwa moja kutoka bomba la mtaa la NWSC, shirika la maji la taifa, lenye bar mbili au tatu siku likiwa na nguvu. Ukiwaweka hawa wawili mdomoni pa vali moja, ni kama kumshindanisha mtoto wa chekechea na mbeba mizigo wa soko la Kikuubo. Baridi linajaa vali yote na moto unasukumwa urudi ulikotoka. Nimewahi kuona tangi la juu likifurika usiku kwa sababu maji ya mtaa yalipita ndani ya vali, yakarudi kwenye sola, yakapanda hadi tangini. Mwenye nyumba alilaumu boya la tangi miezi minne.

Dawa yake: chukua baridi na moto kutoka tangi moja, ili kimo kiwe kimoja. Toa bomba la baridi la bafuni kwenye tangi lilelile linalolisha sola. Kisha weka vali za kuzuia maji kurudi, zile mafundi huziita nonritani, kwenye midomo yote miwili. Na nunua vali iliyotengenezwa kwa presha ndogo. Nyingi zilizo dukani zinahitaji angalau nusu bar au zaidi, jambo lililoandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi, ile karatasi ambayo hutupwa kabla boksi halijafika kwenye kazi. Vinginevyo weka pampu ndogo ya kuongeza presha, lakini isukume pande zote mbili, si upande mmoja.

Herufi C kwenye vali ni ya moto au baridi?

Inategemea ilikotoka. Kwa Kiingereza H ni ya moto na C ni ya baridi. Kwenye koki na vali za zamani kutoka Italia au Ufaransa, C huwa ya moto, maana kwa Kiitaliano ni caldo na kwa Kifaransa chaud, na ya baridi huwa F. Ukiona C na F pamoja, simama ufikiri. Rangi ni salama zaidi kuliko herufi: nyekundu moto, buluu baridi, kila nchi.

Vali hujuaje joto? Haina umeme.

Ndani yake kuna kidonge cha shaba kilichojazwa nta. Nta ikipata joto huyeyuka na kuvimba, ikasukuma kijiti, na kijiti kikasogeza kile kipande kinachobana mlango wa moto. Ikipoa hunywea, na springi hurudisha kijiti. Nilipasua kimoja kilichochoka ili niwaonyeshe vijana: ni kidogo kama ncha ya kidole cha mwisho, na nta yake nyeupe inafanana kabisa na ya mshumaa. Kila siku kinavimba na kunywea mara mia, miaka na miaka. Kikichoka, vali huanza kuchelewa: maji yanakuja moto kwanza, halafu yanatulia. Hiyo ni dalili ya kubadilisha kidonge, si vali nzima.

Aina nyingine huzungushwa na mota ndogo yenye kontrola na sensa iliyofungwa kwenye bomba. Mota huchukua kama dakika mbili kuzunguka robo duara. Kwa bafu hiyo ni polepole mno, mtu atakuwa ameshaungua. Kwa sakafu, ambayo yenyewe huchukua saa nyingi kupata joto, ni mwendo unaofaa.

Tunajenga nyumba ya wageni karibu na Ziwa Bunyonyi. Boila ya kuni inatoa nyuzi 75. Je, naweza kupeleka maji hayo moja kwa moja kwenye mabomba ya sakafu?

Hapana, mama. Uso wa sakafu haufai kuzidi nyuzi 29 mahali watu wanapokaa, na ili upate hizo, maji yanayopita ndani ya zege yanatakiwa kuwa kati ya 35 na 40 hivi. Ukipeleka 75, vigae vitapasuka kwenye maungio, mabomba ya plastiki yatazeeka kabla ya wakati, na wageni watatembea kwa vidole.

Hapo ndipo mzunguko wa kuchanganya unapoingia. Maji ya sakafu yanazunguka yenyewe kwa pampu yake, kutoka vali, kupita sakafuni, kurudi kwenye vali. Kila mzunguko vali inaongeza maji moto kidogo tu kutoka kwenye boila, na kiasi kilekile cha maji yaliyopoa kinarudi boila kupashwa.

Kidogo kiasi gani? Tuseme sebule ya mita za mraba 40 inayohitaji wati 50 kwa kila mita, jumla wati 2,000. Maji yanaingia sakafuni na nyuzi 38, yanarudi na 33. Kila lita ikipoa nyuzi moja hutoa wati-saa 1.163, kwa hiyo unahitaji lita 344 kwa saa kuzunguka sakafuni. Kati ya hizo, za moto kutoka boila ni (38 − 33) ÷ (75 − 33), yaani asilimia 12: lita 41 kwa saa. Ni vikombe vitatu vya chai kwa dakika. Watu hawaniamini nikiwaambia sebule nzima inapashwa na vikombe vitatu vya chai kwa dakika, mpaka waweke mkono kwenye bomba.

Pampu ikae wapi, kabla ya vali au baada yake?

Baada yake, upande wa sakafu. Niruhusu nikueleze kwa nini, maana somo hili nililipia.

Niliitwa kwenye nyumba moja ya wageni huko Kigezi. Malalamiko: sebuleni, karibu na mlango sakafu inachoma soli, na kwenye kona ya mbali ni baridi kama jiwe la mtoni. Aliyefunga hayupo. Nikaangalia vali, nikaona ni ya zamani, nikabadilisha. Hali ileile. Nikasema basi hii mpya ni feki, nikaagiza nyingine Kampala, ikaja kwa basi siku ya tatu. Hali ileile. Mwenye nyumba alikuwa mpole, lakini chai ya saa nne iliacha kuja.

Siku ya nne nilikaa chini kwenye chumba cha boila, nikashika mabomba matatu ya vali kwa zamu. Kwenye mwili wa vali kuna herufi: A ni mdomo wa maji moto, B ni wa maji yanayorudi kutoka sakafuni, AB ni wa mchanganyiko. A ilikuwa moto wa kukutoa mkono. AB vilevile moto, ilhali inapaswa kuwa vuguvugu. Lakini B ndiyo iliyonishtua: nayo ilikuwa moto kama A. Na bomba la ritani ya sakafu, yaani la maji yanayorudi, hatua moja kutoka hapo, lilikuwa vuguvugu tu. Maji ya B yalipaswa kuwa maji ya ritani. Yamepata wapi moto?

Yalikuwa yanakwenda kinyume. Pampu ilifungwa kati ya boila na mdomo A. Ilikuwa inasukuma maji ndani ya vali, presha ndani ya vali ikazidi ya upande wa ritani, na maji moto yakapata njia fupi: yakaingia A, yakatoka B, yakarudi boila bila hata kuiona sakafu. Yaliyobaki yalikwenda sakafuni bila kuchanganywa na chochote, yakiwa moto mno na machache mno. Ndiyo maana mlangoni kulichoma na konani kulikuwa baridi. Vali zote tatu zilikuwa nzima.

Nilihamisha pampu ikakaa baada ya AB, ikawa inavuta kutoka kwenye vali badala ya kuisukumia. Kazi ya saa mbili, yunion mbili (viungio vya bomba) na kipande cha bomba. Jioni ile B ilikuwa vuguvugu. Gharama ya vali mbili nilibeba mwenyewe.

Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua toolboksi nashika A, B na AB. Ukikuta B inafanana joto na A wakati ritani imepoa, usiguse vali. Tafuta pampu.

Nichague vali ya ukubwa gani? Bomba langu ni inchi moja.

Usichague kwa kipimo cha bomba. Angalia namba iitwayo Kvs: ni mita za ujazo kwa saa zinazopita vali ikiwa wazi kabisa kwa tofauti ya presha ya bar moja. Zinauzwa kwa ngazi: 1.6, 2.5, 4, 6.3 na kuendelea. Kwa sebule yetu ya lita 344 kwa saa, vali ya 1.6 inakula presha ya kama kilopaskali 4.6 (bar moja ni kilopaskali 100), na hicho ni kiasi kizuri. Ukiweka ya 6.3 kwa sababu tu inaingia kwenye bomba la inchi, inakula chini ya nusu kilopaskali, yaani kama haipo. Ikifunguka kidogo tu, moto wote unaingia. Ikifunga kidogo, unakatika. Mota itahangaika huku na huku usiku kucha, na utaisikia ikilia kama mbu.

Mafundi wetu hupenda kubwa, wakidhani kubwa ni imara. Kwa vali ya kuchanganya, ndogo iliyopimwa hushinda.

Mbona boila yangu ya kuni inatoa lami nyeusi na bomba la moshi linaziba?

Kwa sababu unairudishia maji baridi. Maji ya nyuzi 33 kutoka sakafuni yakiingia boila, kuta zake hupoa, mvuke uliomo kwenye moshi hugeuka maji juu ya chuma, ukachanganyika na moshi kuwa lami. Kuni mbichi za mkaratusi huzidisha. Boila zinazochomelewa Katwe, Kampala, ni za chuma kizuri, lakini hakuna chuma kinachovumilia hayo kwa miaka.

Boila ya kuni inataka maji yanayorudi yawe na nyuzi 55 hadi 60. Kwa hiyo huwekwa vali ya pili ya kuchanganya, hii ikitazama upande wa boila: inachukua maji moto yanayotoka boila na kuyazungusha tena ndani, mpaka boila ipate joto lake, ndipo inaanza kuachia kidogo kidogo kuelekea nyumbani. Wengine hutumia vali moja ya midomo minne inayofanya kazi zote mbili. Ni nzuri, ila ukienda kutafuta spea yake Kampala utazunguka sana. Mimi hufunga mbili za midomo mitatu.

Umeme ukikatika je?

Swali hili vitabu vya Ulaya hulipitia haraka. Sisi hatuwezi.

Pampu inasimama, mota ya vali inabaki pale ilipo, lakini kuni zinaendelea kuwaka. Maji ndani ya boila yanapanda. Na kumbuka, Kabale maji huchemka kwenye nyuzi 93 au 94, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Kwa hiyo: boila ya kuni iwe na bomba la wazi linalopanda hadi tangi dogo la juu, lisilo na vali yoyote njiani. Yoyote. Nimekuta mtu kafunga get vali hapo "kwa ajili ya usafi". Hiyo si boila tena, ni bomu.

Upande wa sakafu, funga themostati ya usalama kwenye bomba la AB, ikate pampu maji yakizidi nyuzi 50. Umeme ukirudi wakati boila imechemka, hiyo ndiyo inayookoa vigae. Kwa mabafu tumia vali ya nta, ambayo haijui kama Yaka (umeme wa kulipia kabla) imeisha au haijaisha.

Hoteli yetu ina bomba la kuzungusha maji moto. Usiku watu wakilala, maji ya vyumbani hupoa au huwa moto kupita kiasi. Kwa nini?

Injinia mmoja aliniuliza hili akiwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Mmeweka vali moja kubwa karibu na tangi, kisha maji yaliyochanganywa yanazunguka ghorofani na kurudi. Ritani mmeirudisha wapi? Kwenye tangi tu, nina hakika. Usiku hakuna anayefungua maji, kwa hiyo hakuna maji baridi mapya yanayoingia popote. Kila lita inayorudi tangini inatoa lita moja ya moto kuja kwenye vali. Vali inatafuta baridi la kuchanganya nalo, na halipo. Ikijifunga, mzunguko unakwama na maji ya vyumbani yanapoa. Ikivujisha, moto unapanda hadi chumbani.

Ritani inatakiwa igawanywe: tawi moja liende tangini, tawi lingine liingie kwenye mdomo wa baridi wa vali, kila moja na nonritani yake. Hapo maji yanayorudi yakiwa yamepoa kidogo ndiyo yanayokuwa "baridi" la vali, na kinachotoka tangini ni kile tu kilichopotea njiani.

Ila kwa hospitali na nyumba ya wazee siipendi vali ya katikati hata kidogo. Bomba refu la nyuzi 42 ni lilelile shamba la Legionella tulilolikimbia. Peleka maji ya 60 hadi karibu na bafu, hakikisha yanarudi yakiwa na 50 au zaidi, kisha changanya pale pale kwenye sinki au bomba la mvua. Vali zinakuwa nyingi, gharama inapanda. Sawa.

Naweza kupasha banda la vifaranga kwa maji moto?

Ndiyo, na utaachana na moshi na gesi ya sumu ya sigiri. Pitisha mabomba kando ya ukuta, vifaranga wapate nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha shusha kama nyuzi tatu kila wiki. Vali ya kuchanganya inafaa hapa kwa sababu unashusha kwa kuzungusha kitufe kimoja. Amini tabia ya vifaranga kuliko themomita: wakirundikana wana baridi, wakikimbilia kuta za mbali na kupanua midomo wana joto.

Muuzaji ananishauri kontrola yenye sensa ya nje inayofuata hali ya hewa. Ninunue?

Hapana. Hiyo ni ya nchi ambazo leo ni nyuzi 12 na wiki ijayo ni barafu. Kabale usiku hufanana na usiku. Nunua kuni kavu kwa pesa hiyo.

Nitajuaje vali ya bafuni bado inafanya kazi?

Fungua bomba la mvua, acha maji yatulie, kisha mwambie mtu afunge maji baridi yanayoingia kwenye vali. Maji yanapaswa kukatika, au kubaki matone, ndani ya sekunde chache. Yakiendelea kutoka na yakawa moto, vali hiyo haimlindi mtu, iondoe leo. Jaribio hili linahitaji maji moto yawe angalau nyuzi 10 juu ya yaliyochanganywa, la sivyo halionyeshi chochote. Lifanye mara moja kwa mwaka, na hospitalini mara mbili.

Ikiwa ngumu au inachelewa, toa vichujio kwanza. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chokaa nyingi, lakini mtaa ukichimbwa barabara, mchanga huingia. Maji ya visima vya kuchimbwa, sehemu nyingine, huacha ukoko mweupe: loweka kidonge na kile kipande kwenye siki usiku mzima, usikwangue kwa kisu. Ukimaliza, pima tena kwa themomita wala si kwa kiganja, maana kiganja cha fundi kimezoea moto. Changu mimi huniambia 48 ni vuguvugu.